Shinkolobwe: karatasi haizibe shimo

Wandugu vijana wa Likasi, Lubumbashi, Kolwezi na inchi muzima,

Kila tukiuliza juu ya Shinkolobwe, wakubwa wanatujibu neno moja: «Imefungwa.» Sisi tunasema hapana. Imefungwa kwenye karatasi tu. Deni yake iko wazi mpaka leo.

Tukumbushane kidogo, sababu ku masomo hawakutufundisha. Mawe ya uraniumu yalionekana kwenye kilima kile, karibu na Likasi, mwaka 1915. Tangu 1921 Union Minière ilichimba pale ikitafuta radiumu. Mawe yalipelekwa Olen, kule Ubelgiji, na radiumu ikauzwa bei kali sana. Uraniumu yenyewe ilikuwa kama mabaki.

Halafu vita ikaja. Mwaka 1940 mukubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1 000 za mawe hayo. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Mawe ya hapa yaliweza kufika 65 kwa mia ya uraniumu, wakati migodi mingine haikufika hata 1 kwa mia. Sehemu kubwa ya uraniumu ya mupango wa bomu ilitoka hapa kwetu. Tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima ikaungua.

Nani alichimba? Nani alichagua mawe kwa mukono na kujaza magunia? Wababu zetu. Hakuna mutu aliyewaambia wanashika kitu gani.

Sasa muangalie. Tangu 1957 Japani iko na sheria ya kutunza afya ya walioponea bomu. Mwaka 1990 Marekani ikaweka sheria ya kulipa wachimbaji wake wa uraniumu waliogonjwa. Na muchimbaji wa Shinkolobwe? Sheria yake iko wapi? Nani alihesabu wagonjwa wake, wajane wake, yatima wake? Wazungu walituachia reakta ndogo ya utafiti pale Kinshasa, mwaka 1959, na mwaka uliofuata wakaziba visima vya mugodi kwa sementi. Basi.

Gécamines ilipoanguka, njaa ilirudisha vijana kwenye kilima, na nyundo na masululu, kutafuta kobalti. Januari 2004 raisi Joseph Kabila akatia sahihi amri ya kufunga. Mwezi wa 7 mwaka ule ule shimo likaanguka, watu 8 wakafa. Muhesabu wenyewe: miezi sita kisha «kufungwa», watu walikuwa wangali ndani! Kisha wakafukuzwa, bila kazi ingine ya kushika.

Kuko wanaosema vijana wale ni wakaidi. Wandugu, hakuna mutu anayeingia ndani ya sumu kwa kupenda. Mwenye kufunga mugodi bila kufungua kazi, huyo ndiye anayewarudisha ndani.

Na tusisahau: mwaka 2009 serikali ilifanya mapatano na kampuni ya Ufaransa, Areva, juu ya kutafuta uraniumu katika inchi yetu. Nani kati yetu aliyasoma? Mali ni yetu, magonjwa ni yetu, lakini makaratasi ni ya kwao tu?

Tunadai mambo mane:
1. Serikali ipime mionzi ya kilima, ya maji na ya mashamba ya karibu, na itangaze majibu kwa Kiswahili.
2. Wachimbaji wa zamani na jamaa zao wapimwe na watunzwe bila kulipa.
3. Mapatano yote juu ya uraniumu yawekwe mbele ya raia.
4. Historia ya Shinkolobwe ifundishwe ku masomo yote.

Kijana, waulize wazee wa nyumbani kwako, uandike wanachokumbuka. Kisha umuulize deputé wako maswali haya mbele ya watu. Amri tayari tulipata. Sasa tunataka hesabu.