Zege Letu Hulewa Maji, Kisha Hufa kwa Kiu

Siku ya kumwaga zege, mwenye nyumba hugeuka mlinzi. Tangu asubuhi yuko karibu na mifuko ya saruji, anahesabu iliyofunguliwa, na mitupu anataka irudishwe aione kwa macho, maana anajua saruji ina miguu. Hofu hiyo ina sababu zake. Lakini hatua chache pembeni kuna pipa la maji lisilo na mlinzi. Kibarua anachota, anamimina, anatazama mchanganyiko, anachota tena. Hakuna anayehesabu, kwa kuwa maji, hata yakinunuliwa kwa madumu, ndicho kitu rahisi kuliko vyote vilivyopo kiwanjani. Ninachodai ni kwamba katika nyumba zetu ndogo, kwenye msingi, jamvi, lenta na nguzo za baraza, pipa hilo lilistahili ulinzi kuliko mifuko. Zege letu linapewa maji mengi siku ambayo hayatakiwi, kisha linanyimwa maji siku ambayo ndiyo uhai wake.

Mwaka 1918 Duff Abrams, aliyekuwa akifanya utafiti katika Lewis Institute jijini Chicago, alionyesha kuwa kwa vifaa vilevile nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji na saruji: maji yakizidi, nguvu hushuka. Ila si lazima twende Chicago. Ushahidi umechapishwa kwenye mfuko. Ile namba 32.5 au 42.5 ni nguvu, kwa megapaskali, ambayo saruji hiyo inapaswa kuifikia ikiwa na umri wa siku 28. Maabara huipima kwa mchanganyiko usiobadilika: gramu 450 za saruji, gramu 1,350 za mchanga na gramu 225 za maji. Maji ni nusu ya uzito wa saruji. Kwa mfuko wa kilo 50, hizo ni lita 25. Basi anayelipa bei ya juu apate saruji ya 42.5, kisha akaacha lita 35 ziingie kwa kila mfuko, amenunua namba ambayo hataiona. Kutoka lita 25 hadi 35 zege hupoteza takriban theluthi ya nguvu yake, wakati mwingine zaidi. Na lita hizo 10 ni ndoo ndogo moja tu, ile ya kuogea mtoto.

Saruji inapoganda, kemia yake hutumia maji yanayokaribia robo ya uzito wake, kama lita 12 kwa mfuko. Mengine tunayatia ili mchanganyiko ulainike, ufuate koleo na uingie kwenye kona za mbao. Kazi hiyo ikiisha, ziada haina pa kwenda. Sehemu yake hupanda juu ikibeba unga laini, ndiyo maana kuna sakafu ambazo kila zikifagiliwa hutoa vumbi, na mwenye nyumba anadhani amepewa saruji mbovu. Sehemu nyingine hukauka taratibu na kuacha vijitundu visivyoonekana, na humo unyevu hupenya hadi kwenye nondo. Pwani, unyevu huo huja na chumvi. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hulipasua zege kutoka ndani. Ghorofa linapoanguka, kama lile la Dar es Salaam la Machi 2013 lililoua watu 36, taifa zima husimama na kuuliza maswali. Nyumba ya kawaida haiangushwi hivyo na zege dhaifu. Inachakaa kimyakimya, lenta inabanduka kipande kwa kipande, na mwenyewe analipa tena kuziba alichokwisha kulipia.

Fundi atajibu kwamba jicho lake linatosha, kwamba ameshachanganya zege kabla hata ndoo za plastiki hazijaenea. Jibu hilo lina uzito. Mchanga wa mfuko mmoja, kwa kipimo cha kawaida cha moja kwa mbili kwa nne, una kilo zipatazo 100. Ukinyeshewa na kubaki na unyevu wa asilimia 5, umekuja na lita 5 za maji kabla pipa halijaguswa. Ndoo haijui kwamba jana mvua ilinyesha, na jicho linajua. Tatizo ni kwamba jicho hutafuta ulaini, na ulaini una mvuto wake. Zege linachanganywa kwa koleo chini, jua likiwaka, na vibarua mara nyingi hulipwa kwa mfuko au kwa kazi nzima. Kila ndoo ya ziada inapunguza uzito wa koleo na kuwafikisha nyumbani mapema. Ningekuwa na koleo hilo mkononi kwa malipo hayo, nami ningeongeza. Kwa hiyo sisemi jicho liondolewe; liwekewe dari. Mfuko mmoja, ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga, ndoo saba za kokoto, zote zimesawazishwa mdomoni badala ya kurundikwa kwa koleo. Maji yaanze na lita 20, au pungufu mchanga ukiwa umelowa. Kisha fundi aongeze kwa kopo la lita moja hadi jicho lake liridhike, na asivuke lita 28, maji ya mchangani yakiwa ndani ya hesabu.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo nadhani ndilo linalowafanya mafundi waaminifu waendelee kumimina. Zege gumu halipiti vizuri kati ya nondo. Mbao zikifunguliwa, lenta inakutwa na matundu kama masega ya nyuki, na lawama zinamwangukia fundi. Ni kweli, na zege lenye matundu ni baya pengine kuliko lenye maji. Lakini tiba ya matundu ni kushindilia: kuchokoa kwa kipande cha nondo tabaka kwa tabaka, kugonga mbao kwa nyundo, kutumia kokoto ndogo mahali nondo zilipobanana. Na kama bado halipiti, iongezwe saruji pamoja na maji kwa uwiano uleule, nusu kilo ya maji kwa kilo ya saruji. Hilo linagharimu, ndiyo. Linagharimu kwenye lenta na nguzo, sehemu ambazo ni ndogo kuliko zote katika nyumba.

Wengine hunyoosha kidole kwa majumba ya kale ya pwani, yaliyojengwa bila kipimo cha maabara na bado yapo. Majumba hayo yana kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, hayana nondo ya kushika kutu, na uzito wake umegawanywa juu ya ukuta mpana. Lenta yetu nyembamba haiwezi kujitetea kwa jina la Kilwa.

Turudi kwenye kiu. Tumezoea kusema zege limekauka, na neno hilo limetugharimu sana, kwa sababu zege halipati nguvu kwa kukauka. Linaganda, na kuganda ni kazi inayofanywa na saruji pamoja na maji. Yakikauka mapema, kazi inasimama nusu. Likitunzwa na unyevu, zege hufikisha karibu theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28 ndani ya wiki ya kwanza, na wiki hiyo ndiyo tunayoitupa: fundi ameshalipwa, vibarua wameondoka, na kumwagilia kunaachiwa yeyote atakayepita na dumu. Saruji nyingi za bei nafuu zina pozolana, yaani majivu ya volkano yaliyosagwa, nazo huchelewa kupata nguvu, hivyo zinahitaji subira ndefu zaidi. Mahali penye upepo mkavu kama Dodoma, alasiri moja bila kifuniko inatosha kulichanachana jamvi jipya.

Nitaambiwa kuwa maji ya kumwagilia wiki nzima ni ghali kwa anayenunua kwa dumu. Basi tupige hesabu. Jamvi la mita za mraba 45 hivi, lenye unene wa sentimita 10, linakula mifuko kama 30. Ikiwa kila mfuko ulikuwa unaongezewa lita 10 zisizohitajika, hizo ni lita 300, madumu 15 ya lita 20. Mwagia madumu mawili kila siku kwa siku saba juu ya jamvi lililofunikwa nailoni au magunia, na dumu moja linabaki la kuoshea makoleo.