Kiuatilifu hakikai kwenye chupa ya soda

Si mara moja nimempokea mtoto anayetokwa na mate mengi, jasho limemlowesha, mboni zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, anapumua kwa shida. Ukimuuliza mzazi, jibu mara nyingi ni lile lile: kulikuwa na dawa ya wadudu ya bustanini kwenye chupa ya soda.

Wengi wetu tuna matuta ya mchicha, sukuma wiki au kabichi nyuma ya nyumba. Viwavi wakianza kutoboa majani tunakimbilia sumu kali, ilhali kwa bustani ya nyumbani mara nyingi si lazima.

Wapo bakteria waitwao Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt, ambao hutengenezwa kuwa kiuatilifu. Kiwavi akila jani lililonyunyiziwa, protini ya bakteria hao hutoboa utumbo wake. Huacha kula na kufa baada ya siku chache. Tumbo la binadamu lina asidi, na utumbo wetu hauna mahali ambapo protini hiyo hujishikiza, ndiyo maana haitutendi hivyo. Nyunyizia jioni, kwa sababu jua huwaua bakteria hao, na dawa ifike chini ya majani. Kwa vidukari, Bt ya viwavi haisaidii. Hapo tumia dawa ya mwarobaini, ambayo huwakatisha wadudu hamu ya kula na kuwazuia kukua.

Lakini sikubaliani na wanaosema cha asili hakina madhara. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kusababisha degedege na hata vifo kwa watoto wadogo walionyweshwa. Usimpe mtoto kwa mdomo, hata kidogo. Unaponyunyizia chochote, vaa barakoa na glavu, fuata vipimo vya kwenye lebo, heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na osha mboga kwa maji yanayotiririka.

Dawa yoyote ibaki kwenye chombo chake, ifungiwe kabatini, mbali na jikoni. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, kisha mkimbize hospitali mkiwa na chombo chenyewe. Lebo hutuonyesha tunapambana na sumu gani. Chupa ya soda haituambii kitu.