Shayiri ya Kimea ni Kitu Kilicho Hai

Wakulima wengi wa Mau Narok, Timau na Moiben ni hodari sana katika kulima shayiri. Lakini kombaini ikiisha kupita shambani, wengine hudhani kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo hasara kubwa huanza.

Shayiri ya kimea si kama mahindi ya kusagwa. Hindi lililokufa hutoa unga. Shayiri iliyokufa haitoi kimea, kwa maana kimea ni punje iliyooteshwa. Katika kila punje 100, yapasa 95 au zaidi ziote. Zikipungua, shayiri hukataliwa au huuzwa kwa bei ya chakula cha mifugo, na jasho la msimu mzima hupotea.

Adui wa kwanza ni maji. Shayiri yenye unyevu zaidi ya asilimia 13 isiwekwe ghalani. Punje mbichi hupumua na kutoa joto, kisha huja ukungu na fukusi. Wako wasemao kwamba punje mbichi huongeza uzito kwenye mizani. Huko ni kujidanganya, kwani mnunuzi ana kipimo cha unyevu. Wala usikaushe kwa moto mkali: joto lisipite nyuzi 43 za sentigredi, usije ukaua kiini.

Fagia ghala, ondoa masalio ya mwaka jana, na uweke magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Shayiri iliyotiwa dawa ya mbegu isichanganywe na ya kimea hata kidogo. Kila juma ingiza mkono ndani ya magunia. Joto au harufu ya uvundo ni onyo.

Shayiri iliyoota ukungu usimpe ng'ombe wa maziwa, wala usiipikie pombe nyumbani. Mwaka 2004 sumu ya ukungu katika mahindi iliua watu zaidi ya 100 huko Ukambani. Ukungu wa namna hiyo huweza kuingia hata katika shayiri. Sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa, nayo hupita mpaka kwenye maziwa.

Mkulima, umekwisha kutoa fedha nyingi kwa mbegu, mbolea na mafuta ya trekta. Turubai na mbao chache ni gharama ndogo. Basi tengeneza ghala lako kabla ya kuvuna, wala usingoje mpaka magunia yamefika mlangoni.