Kabla ya kupiga rangi Pijo ya mzee, inua zulia kwanza

Wewe unayetafuta gari la kitambo, hebu subiri kidogo kabla hujatuma pesa. Najua umeshaiona. Peugeot 504 au Benz ya miaka ya 1980, rangi inang'aa, sanrufu juu, na tayari unajua picha utakazopiga Jumapili. Poa. Lakini ukienda kuikagua usikimbilie injini. Ingiza mkono chini ya zulia, upande wa dereva na wa abiria, halafu unuse vidole. Vikinuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni, kuna stori muuzaji hajakuambia.

Mimi nimelijua hili kwa gharama. Mzee wangu aliniachia 504 ya milango 4, iliyounganishwa papa hapa Kenya. Pijo si gari la kuchezea: ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975, na mwaka wa 1978 ndugu yake wa milango 2, mwenye injini ya V6, akarudia. Sasa mvua za vuli zilipoanza, maji yakawa yananidondokea begani. Nikaenda kwa fundi. Akaangalia juu, akatoa silikoni, akazungushia kifuniko cha sanrufu chote. Hata nusu saa haikuisha. Nikalipa, tukagotana. Matone yakakoma, nami nikajiona mjanja.

Kumbe maji yalikuwa yamehama tu.

Jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi ni kwamba ule mpira wa sanrufu haukuundwa kuzuia maji yote. Unazuia mengi. Yanayopenya huanguka kwenye trei iliyozunguka tundu la paa, na kwenye kona za trei hiyo kuna vijitundu vilivyounganishwa na mipira myembamba, inayoshuka ndani ya nguzo za gari hadi nje. Kwa hivyo sanrufu ikivuja, mara nyingi shida si pale juu. Ni njia ya kutokea iliyoziba. Na Nairobi hii vitu vya kuziba havikosi: vumbi, majani, na hayo maua ya jakaranda tunayoyapiga picha kila Oktoba. Yakioza yanakuwa tope, kisha mvua inakuja, trei inajaa na kumwagika ndani.

Kupima ni rahisi. Fungua sanrufu, mimina maji kidogo kwenye kila kona, kisha uchungulie chini ya gari. Yakitoka nje haraka, sawa. Yakisimama, pitisha ule uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi, taratibu, bila kulazimisha. Mtu akikuletea kompresa ya hewa, kataa. Presha inaweza kuchomoa mpira ndani ya nguzo, na kuurudisha kunaweza kukulazimu kushusha kitambaa chote cha dari.

Kwangu maji yalipita kwenye nyufa za silikoni, yakajaza trei, yakashuka hadi sakafuni na kunyonywa na sponji iliyo chini ya zulia. Juu kavu, chini kidimbwi. Nilipokuja kuinua zulia, bisibisi ilizama kwenye bati kama mkate, karibu kabisa na bolti zinazoshika kiti cha abiria. Mama ndiye hukalia kiti hicho tukienda kanisani.

Simlaumu fundi sana. Nilimwambia azuie matone, akazuia matone.

Hapa ndipo ninapogombana na mbogi yangu ya magari ya zamani. Tuna pesa za rimu, za muziki, za rangi ya duka zima, lakini za sakafu hatuna, kwa sababu sakafu haionekani kwenye picha. Kutu iliyofunikwa kwa fila haijafa. Inaendelea kula chini kwa chini hadi siku fila inabanduka kama ganda la yai, na bolti ya kiti au ya mshipi inabaki imeshika hewa. Beba sumaku ndogo uizungushie kitambaa. Pale ambapo haishiki, hakuna bati hapo, kuna fila. Na kama uko Mombasa, ile hewa ya chumvi haitakupa hata muda wa kujipanga.

Dawa yenyewe haina raha. Kwanza komesha maji. Halafu ondoa bati lililooza hadi ufikie chuma cheupe, chomelea kipande kipya, paka praima na rangi, kisha nta mahali ambapo mkono haufiki. Utaniambia hizo ni doo nyingi. Ni kweli, mimi mwenyewe niliuza baiskeli. Lakini kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza mtumba wa gari uliozidi miaka 8, kwa hivyo usitarajie meli itakuletea 504 nyingine safi. Zilizopo ni hizi tulizonazo, na tunaziozesha tukizipiga rangi.

Yangu sasa ina sakafu mpya upande wa abiria. Rangi ni ile ile iliyochujuka, na washkaji wananicheka. Jumapili iliyopita mvua ilitukuta tukitoka kanisani. Mama akainama, akapapasa zulia kwa kiganja, akaendelea na umbea wake.