Kitenzi cha Kifaransa Kisikike Kabla ya Kuandikwa

WAPO walimu wanaoamini kuwa mwanafunzi akikariri jedwali la vitenzi vya Kifaransa amekwisha kuijua lugha hiyo. Imani hiyo ni potofu, na anayepata hasara ni mwanafunzi.

Chukua kitenzi “parler”, yaani kusema. Maumbo “parle”, “parles” na “parlent” huandikwa kwa njia tatu, lakini katika matamshi ya kawaida ya Paris husikika namna moja tu: silabi moja iliyofungwa kwa sauti ya “l”. Ile “-ent” ya mwisho haitamkwi kabisa. Mwanafunzi aliyelelewa katika Kiswahili, ambacho kila irabu iliyoandikwa hutamkwa, huitamka bila kusita. Huo si uzembe. Ametumia kanuni ya lugha yake mahali isipohusika.

Wingi basi hutambuliwaje? Katika “il aime”, yaani anapenda, sauti ya “l” huhama ikaanza silabi ya pili: i-laime. Katika “ils aiment”, wanapenda, ile “s” iliyokuwa kimya hufufuka kama “z”: il-zaiment. Kwa sikio, sauti hiyo moja ndiyo tofauti yote baina ya mmoja na wengi. Jedwali la ubaoni haliionyeshi.

Hata alama zinazowatesa wanafunzi zina sababu katika silabi. “Céder”, kukubali kushindwa, hugawanyika cé-der. Katika “je cède”, sauti ya “d” huifunga silabi, na “é” hugeuka “è”. Lakini wakati ujao uliandikwa “céderai”, ingawa Wafaransa wengi hutamka “è”. Ndipo Desemba 1990 gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa lilipochapisha mapendekezo ya kuruhusu “cèderai”, ili maandishi yafuate matamshi. Ikiwa wenye lugha wenyewe wamekiri kwamba kalamu ilikuwa nyuma ya ulimi, ni haki gani kumwadhibu mtoto kwa alama asiyowahi kuelezwa sababu yake?

Watakuwapo watakaojibu kwamba mtihani ni wa maandishi. Lakini mwanafunzi huyo akifika Bujumbura au Kinshasa hatapewa jedwali ajaze. Atasemeshwa, naye atapaswa kujibu.

Hapana budi basi mwalimu aanze na sikio. Atamke kitenzi ndani ya sentensi, darasa lipige makofi kwa kila silabi, kisha ndipo chaki ishikwe. Jedwali lije mwisho, liwe muhtasari wa kilichokwisha kueleweka.