Kengee ya Kigeni, Upanga wa Kiarabu

Upanga wa feleji wa Oman ni mrefu, umenyooka, una makali pande mbili na mpini mwembamba usio na kikingio cha mkono. Mpini huo huvikwa ngozi, na kwa wenye uwezo huzungushiwa nyuzi za fedha. Kengee yake, yaani chuma chenyewe cha kukatia, mara nyingi haikufuliwa Arabuni. Nyingi zilitoka Ulaya, hasa mji wa Solingen nchini Ujerumani, zikapita mikono mingi ya wafanyabiashara kabla ya kutiwa mpini na ala na mafundi wa Kiarabu. Kwa ajili hiyo wako wakusanyaji wanaouita upanga wa namna hii chotara na kuuweka chini ya vitara vyenye kengee za Kiajemi. Toleo hili linapinga hukumu hiyo.

Waarabu hawakuona aibu kutumia chuma cha wengine. Al-Kindi, mwanafalsafa wa karne ya 9, aliandika risala nzima juu ya aina za panga, na panga za Wafaranka zimo pamoja na za Yemen. Washairi wa Kiarabu nao walisifu upanga wa India tangu kale. Kengee nzuri ilirithiwa: mpini ukichakaa, hutiwa mwingine, ala ikioza, hushonwa nyingine. Upanga mmoja waweza kuwa na kengee ya karne ya 17, mpini wa zama za Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar hadi 1856, na ala iliyoshonwa baada ya kifo chake. Hakuna sehemu ya upanga huo iliyo bandia.

Kosa kubwa zaidi la wakusanyaji ni kuamini alama zilizo kwenye kengee. Mnunuzi akiona mbwamwitu anayekimbia karibu na mpini, husema mara moja: Solingen. Alama hiyo ilianza kwa wahunzi wa mji wa Passau, wa Solingen wakaiiga, kisha wahunzi wa nchi nyingine wakaiiga pia. Tena mbwamwitu wa Ulaya hakuchorwa kwa ustadi: ni mikwaruzo michache ya patasi, pengine imejazwa shaba ya njano. Mhunzi yeyote angeweza kuinakili. Hali ni hiyo hiyo kwa nusu-miezi miwili inayotazamana, ambayo wahunzi wa Sudan waligonga kwenye kengee walizofua wenyewe. Alama huonyesha kile mnunuzi wa zamani alichokiamini kuwa bora; haitoshi kuthibitisha mahali kengee ilipofuliwa. Ushahidi mzito zaidi umo katika mifuo, yaani ile mifereji inayoshuka katikati ya kengee, katika unene wa chuma kutoka shina hadi ncha, na katika msuka uliofichwa ndani ya mpini. Kwa hiyo mpini uliokaza usifunguliwe kwa udadisi, na kutu ya zamani isisuguliwe kwa msasa. Madalali husugua ili chuma king'ae mnadani, na alama hafifu huondoka pamoja na kutu.

Katika toleo hili, makala ya kwanza inahusu mipini ya mji wa Nizwa, Oman, na michoro yake ni ya kuaminika. Ya pili inafuata panga za Unguja baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake huko. Ya tatu inalinganisha panga hizi na za Wamaratha wa India, waliotia kengee za Ulaya kwenye mipini yao.

Chotara wa kweli ni upanga uliounganishwa juzi na mchuuzi, kengee ya huku na mpini wa kule, ukauzwa kama wa kale. Huo ni udanganyifu, na ndio unaostahili ukali ambao wakusanyaji wameuelekeza kwa mafundi wa zamani. Katalogi za panga hizi ziandike tarehe ya kengee na tarehe ya mpini kila moja peke yake, na isiyojulikana iachwe wazi.