Mabao ya Dakika za Mwisho na Imani ya Mkristo

Juma hili tuzungumze juu ya jambo linalowakusanya vijana kwa wazee katika vibanda vya kuonyeshea kandanda, tangu Kasese mjini hadi Bwera, na ambalo Jumapili asubuhi husikika tena kutoka kinywani mwa mhubiri. Jambo lenyewe ni timu iliyodhaniwa imekwisha kushindwa, kisha ikainuka na kutwaa ushindi. Wahubiri huupenda mfano huu, wala hawakukosea. Lakini mfano ni kama panga: hufaa kazi ukishikwa penye mpini.

Mechi itajwayo zaidi ni fainali ya klabu bingwa za Ulaya iliyochezwa Istanbul, Uturuki, tarehe 25 Mei 2005. Ndani ya dakika ya kwanza Paolo Maldini wa AC Milan alikuwa amekwisha kufunga. Hernán Crespo akaongeza mawili, hata wachezaji walipokwenda mapumzikoni Liverpool walikuwa nyuma kwa mabao 3 kwa bila. Katika kipindi cha pili Steven Gerrard, Vladimír Šmicer na Xabi Alonso waliyarudisha yote matatu kwa muda wa dakika sita hivi. Mikwaju ya penalti ikawapa Liverpool kombe, 3 kwa 2.

Somo la kwanza ni kutoondoka mapema. Mwaka 1999 mjini Barcelona, Bayern Munich waliongoza kwa bao 1 dhidi ya Manchester United hadi dakika 90 zikatimia. Rais wa shirikisho la kandanda la Ulaya, Lennart Johansson, aliacha kiti chake akashuka ngazi za chini ili akawakabidhi Bayern kombe. Alipotokea uwanjani aliwakuta aliodhani ni washindi wakilia, na aliodhani wameshindwa wakirukaruka kwa furaha. Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjær walikuwa wamefunga katika dakika za nyongeza. Msomaji wa Injili atawakumbuka wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau. Nao walikuwa wameondoka Yerusalemu kwa huzuni, wakihesabu kwamba mambo yamekwisha, kumbe Yule waliyemlilia alikuwa akitembea kando yao.

Somo la pili ni kwamba imani haikai bure. Kule Istanbul, mwalimu Rafael Benítez hakungoja muujiza huku amekunja mikono. Wakati wa mapumziko alimwingiza Dietmar Hamann ili aimarishe katikati ya uwanja, akaupanga upya ulinzi wake. Naye mlinda mlango Jerzy Dudek, muda wa nyongeza ukikaribia kwisha, alizuia majaribio mawili ya Andriy Shevchenko yaliyofuatana kutoka karibu kabisa na lango. Askari analijua jambo hili kuliko wengi: aombaye salama ya usiku hulinda zamu yake. Mtume Yakobo aliwafundisha Wakristo hivyo hivyo, kwamba imani bila matendo haina uhai.

Somo la tatu husahauliwa na wahubiri wengi, nalo ndilo zito. Je, upande ulioshindwa haukuwa na waombaji? Katika kikosi cha Milan alikuwamo Kaká wa Brazil, kijana asiyeuficha Ukristo wake. Usiku ule wa Istanbul alifunga penalti yake, na bado timu yake ilishindwa. Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Mei 2007 mjini Athens, Milan waliifunga Liverpool hiyo hiyo 2 kwa 1, na Kaká akaonekana katika fulana yenye maandishi ya kutangaza kwamba yeye ni wa Yesu. Basi tuulize: alikuwa wa Yesu Athens tu, na Istanbul alikuwa wa nani? Mungu hapimwi kwa mabao. Anayemwamini kwa sababu ya ushindi atamwacha siku ya kushindwa.

Hapa kwetu somo hili lina uzito wake. Watu wa bonde la Nyamwamba waliona mafuriko ya Mei 2013, wakajenga, kisha yakaja ya Mei 2020. Karibu na Bwera, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, washambuliaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Mama aliyemzika mwanawe asiambiwe kwamba bao la dakika ya 90 linakuja. Mabao hurudishwa, mtoto harudishwi kwa mbio za uwanjani. Tumaini la Mkristo mbele ya kaburi ni ufufuo, nalo halina kipenga wala saa ya refa. Mpaka siku hiyo, kazi yetu ni kuketi na mama huyo, kumchotea maji, na kuwalipia karo watoto waliobaki.

Tena tuonyane juu ya jambo moja la nyumbani. Wako wanaoichukua hadithi ya Istanbul na kuipeleka kwenye duka la kamari, wakiweka mshahara juu ya timu iliyo nyuma, kisha wakaiita tamaa yao imani. Imani haichezi na unga wa watoto. Baba aliyekwisha kupoteza fedha, akarudi kesho kuzifuata, ajue kwamba huko siko kurudisha mabao. Ni kujifunga mwenyewe.

Basi, akina baba na akina mama, mechi ikiisha msizime redio na kwenda kulala tu. Mtoto aliyeanguka mtihani aitwe, asitukanwe. Aulizwe ni somo gani lililomshinda, na mpango upangwe upya kama alivyofanya yule mwalimu wakati wa mapumziko. Mume na mke walionuniana wasiache jua lichwe bila kusemezana. Na anayesali asali, huku mkono wake ukishika jembe au zamu. Wahenga walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tukutane juma lijalo, Mungu akitujalia uzima.